Gari lililojua kuwa liko kwenye mtihani

Gari ni lile lile moja, Volkswagen Jetta ya dizeli. Katika maabara ya serikali ya jimbo la California, huko El Monte, lilipandishwa juu ya roli, magurudumu yakazunguka huku lenyewe limesimama palepale, moshi ukakingwa na kupimwa. Lilifaulu. Likashushwa, likafungiwa vifaa nyuma, likatoka langoni na kuingia barabarani kama gari la mtu yeyote. Moshi ukapimwa tena. Safari hii lilizidi kiwango cha sheria mara 15, na katika njia nyingine mara 35. Hakuna aliyebadili mafuta wala kugusa injini.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mwenzake wa gari hilo, Passat ya kampuni hiyo hiyo, ilibidi ipelekwe kutoka Los Angeles hadi Seattle na kurudi, karibu kilomita 4,000, na hata hapo ikapita zaidi ya miaka miwili kabla mtengenezaji hajasema kweli.

Kisa hiki cha dizeli za Volkswagen nchini Marekani husimuliwa kama habari ya kompyuta: programu iliyodanganya. Nimekirudia mara nyingi, na kila nikikirudia naona kompyuta ndiyo iliyochelewa kufika. Wataalamu waliosoma msimbo wa programu hiyo hadharani walifanya hivyo baada ya mkosaji kukiri. Kilichofungua mlango ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya, isiyompita mwanafunzi wa sekondari, iliyofanywa na watu wa chuo kikuu ambao hawakuwa wakimtafuta mwizi. Na kilichomtoa mwizi ndani ni karatasi moja ya kisheria ambayo ofisi ya serikali ilikataa kuitoa.

Utafiti uliokusudia kusifu

Chanzo chake ni Ulaya. Kwenye makaratasi, viwango vya oksidi za nitrojeni, gesi za moshi zinazodhuru mapafu, kutoka kwa magari ya dizeli vilikuwa vikishuka kila sheria mpya ilipotoka. Hewa ya mijini haikuonyesha nafuu inayolingana. Vipimo vya barabarani vilivyofanywa huko vilionyesha magari yakitoa zaidi ya vyeti vyao vilivyosema, ila tofauti hiyo ilielezwa kwa sababu nyingi, na sheria ya Ulaya wakati ule haikuwa na kipimo cha barabarani cha kumbana mtu.

Watu wa Baraza la Kimataifa la Usafiri Safi, taasisi ya utafiti isiyo ya kibiashara, wakawa na wazo linaloeleweka kabisa. Kiwango cha Marekani ni kikali zaidi: gramu 0.07 kwa maili, yaani kama gramu 0.043 kwa kilomita. Kiwango cha Ulaya cha wakati huo, Euro 5, kiliruhusu gramu 0.18 kwa kilomita, mara nne na ushei. Kama makampuni yale yale yanauza dizeli Marekani na yanapewa vyeti, basi teknolojia ya kusafisha moshi ipo. Twendeni tukapime magari ya Marekani, tuwaonyeshe Wazungu wa Ulaya kwamba inawezekana. Huo ndio ulikuwa mpango. Walitaka mfano mzuri wa kuigwa.

Kazi ilipewa Chuo Kikuu cha West Virginia, mjini Morgantown, kwenye kituo chake cha utafiti wa mafuta mbadala, injini na moshi kilichoongozwa na Dan Carder. Fedha zilikuwa makumi ya maelfu ya dola tu. Kwa utafiti wa injini hizo ni fedha za nauli na chai.

Kwa nini chuo hicho? Hapa pana jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita mbio, nami nadhani ndilo linalofanya kisa hiki kiwe na mizizi. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliwabana watengenezaji saba wa injini nzito za dizeli, wakiwemo Caterpillar, Cummins na Volvo. Injini za malori yao zilikuwa zimepangwa kielektroniki hivi kwamba zikiwa kwenye kipimo zinatoa moshi wa kiasi kinachokubalika, na zikiwa kwenye mwendo mrefu wa barabara kuu zinaongeza oksidi za nitrojeni ili kubana matumizi ya mafuta. Walifikia maridhiano mahakamani, na mojawapo ya masharti lilikuwa kwamba injini hizo zipimwe zikiwa kazini, barabarani. Kifaa cha kufanya hivyo hakikuwepo dukani. Chuo Kikuu cha West Virginia ndicho kilichokibuni, mtambo wa kupimia moshi unaobebeka ndani ya lori. Hukumu ya mazingira ilizaa chombo cha sayansi, na ujuzi wa chombo hicho ukakaa Morgantown kwa miaka 15, ukisubiri gari dogo.

Maana sharti la 1998 liliwahusu watengenezaji wa injini nzito. Magari madogo ya abiria yaliendelea kupimwa juu ya roli, kwa mtaala uliochapishwa, sekunde kwa sekunde.

Buti iliyojaa mitambo

Waliofanya kazi yenyewe walikuwa watafiti vijana wa kituo hicho: Marc Besch kutoka Uswisi, Arvind Thiruvengadam na Hemanth Kappanna kutoka India. Mwaka 2013 walikwenda California, ambako magari ya dizeli ya aina waliyoitaka yalipatikana na maabara ya jimbo ilikubali kushirikiana nao. Walikuwa na magari matatu: Volkswagen Jetta ya 2012, Volkswagen Passat ya 2013 na BMW X5.

Yeyote aliyewahi kufanya utafiti wa uzamivu anayajua maisha hayo hata kama hajawahi kugusa ekzosi. Mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya malori unabanwa ndani ya buti la gari la familia. Unakula umeme mwingi kuliko betri ya gari inavyoweza kutoa, hivyo jenereta inafungwa nyuma, inatetemeka, inapiga kelele, inaharibika. Mirija inatoka kwenye bomba la moshi na kuingia ndani. Kuna siku mtambo unazima na data ya saa nzima inakuwa haina maana. Si kazi ya kupigwa picha.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila sekunde, kihisi kinasema kuna sehemu ngapi za oksidi za nitrojeni kwenye kila milioni ya gesi inayopita. Kihisi kingine kinasema gesi kiasi gani imepita. Zidisha, upate gramu za sekunde hiyo. Jumlisha sekunde zote za safari, gawanya kwa kilomita. Kwisha.

Mtego uko kwenye kuoanisha. Gesi inachukua muda kusafiri kwenye mrija hadi kwenye kihisi, hivyo kipimo cha ukolezi kinafika kikiwa kimechelewa sekunde kadhaa nyuma ya kipimo cha mtiririko. Dereva akikanyaga mafuta kupanda mlima, mtiririko unapaa sasa hivi na ukolezi unapaa baadaye kidogo. Ukizidisha bila kusogeza mojawapo, unazidisha kilele cha huyu na bonde la yule, na jibu lako ni takataka yenye desimali nne. Kazi kubwa ya hisabati katika utafiti huu ilikuwa hiyo, kusogeza mistari miwili mpaka ikae sawa, na kulinganisha mtambo wa buti na mitambo mikubwa ya maabara ya El Monte juu ya gari lile lile ili kujua kama unasema kweli. Ulisema kweli.

Matokeo: BMW ilikaa ndani ya kiwango, isipokuwa sehemu moja ya milima vijijini. Passat ilizidi kiwango mara 5 hadi 20. Jetta, mara 15 hadi 35.

Magari matatu yanathibitisha nini?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa takwimu atainua mkono. Magari matatu? Kati ya karibu nusu milioni? Huwezi kuchukua sampuli ya watu watatu ukatangaza urefu wa taifa.

Pingamizi hilo ni sahihi kwa swali ambalo watafiti hawakuuliza. Hawakuuliza wastani wa dizeli zote za Marekani ni upi. Muundo wa utafiti wao ulilinganisha kila moja ya Volkswagen mbili na yenyewe, ndani ya maabara na nje yake. Tofauti za magari, kwamba hili limechoka na lile jipya, zinajifuta zenyewe. Kinachobaki ni mahali. Na pale tofauti inapokuwa mara 35, huhitaji jedwali la takwimu kujua kwamba haikutokana na bahati.

BMW nayo ilifanya kazi ambayo nadhani haijashukuriwa vya kutosha. Kama mtambo wa buti ungekuwa na hitilafu, au kama barabara za California ni ngumu kiasi kwamba hakuna dizeli inayoweza kuzimudu, BMW nayo ingefeli. Ilipofaulu, iliziba visingizio viwili kwa mpigo. Gari safi ndilo lililowatia hatiani machafu.

Lakini angalia pia hisabati ilipoishia. Inasema pana tofauti kubwa, na tofauti hiyo haitokani na kifaa wala barabara. Haisemi kwa nini. Kihisi kibovu cha gari lenyewe kingeweza kufanya hivyo. Kasoro ya muundo pia. Ripoti ilipotoka Mei 2014, magari hayakutajwa hata majina. Yaliitwa A, B na C. Hakuna mahali iliposema udanganyifu. Wanaosema wanafunzi waliikamata Volkswagen wanawapa sifa ambayo wenyewe hawakuidai. Walikamata namba isiyokubali kukaa kitako, wakaiandika, wakaiacha mezani kwa watu wenye mamlaka ya kuuliza swali linalofuata.

Mwaka wa visingizio

Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California na Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani ziliuliza. Volkswagen ikajibu kwamba ni matatizo ya kiufundi na hali zisizotarajiwa za matumizi. Desemba 2014 ikaita magari kama nusu milioni kwa hiari yake ili yarekebishwe programu. Kwa mtu asiye na kinyongo, jambo lilikuwa limekwisha.

California haikulifunga. Kuanzia Mei 2015 ikayapima magari yaliyorekebishwa, na hapa wakaguzi walifanya ujanja mdogo ambao naupenda kuliko kitu chochote kingine katika kisa hiki. Mtihani rasmi wa mjini una vipande vinavyofuatana, na gari linaujua mwanzo wake na mwisho wake. Wakaguzi wakachukua kipande cha pili cha mtihani huo huo wakakirudia, tena na tena, juu ya roli zile zile. Hakuna kilichokuwa kigumu zaidi. Maswali ni yale yale, chumba ni kile kile, ila muda ulipita pale ambapo mtihani unaofahamika ungekuwa umekwisha. Oksidi za nitrojeni zikaanza kupanda kadiri kipimo kilivyoendelea.

Msimamizi yeyote wa mitihani anaelewa walichofanya. Mwanafunzi aliyekariri majibu kwa mpangilio, mpe swali la pili mara tano.

Julai 2015 matokeo yaliwekwa mezani. Serikali ikasema wazi kwamba haitatoa vyeti kwa magari ya dizeli ya mwaka wa 2016 ya kampuni hiyo mpaka tofauti ielezwe. Chini ya Sheria ya Hewa Safi, gari jipya bila cheti haliuzwi Marekani. Si faini ya kukatia rufaa miaka kumi, ni magari yaliyokwama bandarini. Tarehe 3 Septemba 2015 kampuni ikakiri kwamba magari yalikuwa na programu ya kutambua kipimo. Tarehe 18 Septemba notisi ya ukiukaji ikatangazwa, ikitaja magari kama 482,000 na moshi uliozidi hadi mara 40. Tarehe 23 Martin Winterkorn, mkuu wa kampuni, akajiuzulu. Ulimwenguni kote magari yalikuwa milioni 11.

Msimbo: waliofika baada ya mazishi

Sasa waingie wana kompyuta. Desemba 2015, miezi mitatu baada ya kukiri, Felix Domke alionyesha mbele ya mkutano wa wadukuzi huko Ujerumani jinsi alivyoichambua kompyuta ya injini ya gari lake mwenyewe. Mwaka 2017 yeye na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr cha Bochum na cha California, San Diego, walichapisha uchambuzi kamili. Walikusanya takriban nakala 900 za programu za injini na wakaandika chombo cha kuzikagua chenyewe. Zaidi ya 400, zilizotolewa katika kipindi cha miaka minane, zilionekana kuwa na hila hiyo.

Hila yenyewe ni nyepesi hadi inaudhi. Chora grafu: muda kwenye mhimili mmoja, umbali uliokwendwa kwenye mwingine. Mtihani rasmi unajulikana sekunde kwa sekunde, hivyo mstari wake unajulikana pia. Weka mstari mmoja juu yake kidogo na mwingine chini yake kidogo, upate njia nyembamba kama ya mbuzi. Gari likiwashwa, kompyuta inafuatilia: je, umbali wangu hadi sasa uko ndani ya njia hii? Ukiwa ndani, endelea kusafisha moshi. Ukitoka nje, hata kwa mita chache, huu si mtihani, na hali hiyo inabaki hivyo. Njia za namna hiyo zilikuwa kadhaa, nyingi zikilingana na mitihani rasmi inayojulikana. Dereva wa kawaida anazitoka zote mapema. Ni nani anayeendesha gari kwenda sokoni kwa mwendo uliochapishwa kwenye gazeti la serikali?

Ndani ya nyaraka, hali hiyo ilipewa jina linalohusu sauti ya injini. Jina la heshima kwa kazi isiyo na heshima.

Baadaye waliiboresha. Maelezo ya ukweli ambayo kampuni iliyakubali Januari 2017 yanasimulia kwamba baadhi ya magari yalikuwa yakiharibika vifaa vya moshi, na wahandisi wakashuku kwamba yalikuwa yakibaki katika hali ya mtihani hata barabarani, yaani yakifanya kazi waliyoapa yatafanya, na vifaa havihimili. Suluhisho halikuwa kuimarisha vifaa. Walilifundisha gari kutambua mtihani vizuri zaidi kwa kuangalia usukani: juu ya roli, usukani haugeuki. Na programu hiyo iliyoboreshwa ilipelekwa kwa wateja kama marekebisho ya kuwafaa.

Kwa nini yote haya? Jetta ilikuwa na mtego unaokusanya oksidi za nitrojeni na kuhitaji kuchomwa mafuta ya ziada ili kusafishwa. Passat ilipulizia myeyuko wa urea, dawa ya kusafisha moshi, kutoka tangi ambalo mteja asingependa kulijaza mara kwa mara. Kusafisha kwa kweli kulikula mafuta, urea na uhai wa vifaa.

Nimeiita hila hii nyepesi, na hapo ndipo sikubaliani na wanaosema suluhisho lilikuwa kulazimisha msimbo ufunguliwe tangu mwanzo. Ukiwa na msimbo mbele yako, utaona programu inayolinganisha mistari miwili na jina linalosema sauti. Kuna sababu elfu moja halali za kompyuta ya injini kulinganisha mistari. Waliochambua 2017 walijua wanatafuta nini kwa sababu tayari palikuwa na kukiri. Bila namba za Morgantown, wangepita juu ya mistari ile kama wengine.

Sheria isiyouliza namna

Neno la kisheria la kitu hiki nitalitafsiri kwa uhuru: kifaa cha hila. Kanuni za Marekani zinakieleza, kwa ufupi, kuwa ni chochote kinachopunguza ufanisi wa mfumo wa kudhibiti moshi katika hali ambazo kwa akili ya kawaida zinatarajiwa gari linapotumika kama kawaida, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile kulinda injini isiharibike. Uzuri wa maelezo haya ni kwamba hayajali kama kifaa ni swichi, chemchemi au mistari ya msimbo. Yanauliza kinafanya nini. Ndiyo maana hapakuhitajika sheria mpya.

Ulaya nayo ilikuwa na katazo linalofanana katika kanuni yake ya 2007. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha tarehe 17 Desemba 2020 kwamba programu inayotambua mtihani ni kifaa cha hila. Miaka mitano baadaye. Kilichopungua Ulaya hakikuwa maneno ya sheria, kilikuwa mtu mwenye cheti mkononi na ujasiri wa kutokitoa. Kipimo cha barabarani kwa aina mpya za magari madogo kilianza kutumika rasmi huko Septemba 2017.

Adhabu ya kiraia ya Marekani ilifika hadi dola 37,500 kwa gari. Zidisha kwa 482,000: zaidi ya dola bilioni 18. Namba hiyo ilitisha magazeti, ila ni dari tu, si deni. Maridhiano makuu, yaliyoidhinishwa na Jaji Charles Breyer Oktoba 2016, yalikuwa ya dola bilioni 14.7, sehemu kubwa ikiwa ya kununua tena magari na kufidia wamiliki. Januari 2017 zikaongezeka bilioni 4.3 za adhabu ya jinai na ya kiraia. Wahandisi na mameneja wachache walikwenda jela.

Mwenye gari alilipwa. Aliyevuta moshi je? Mwaka 2015 watafiti wa vyuo vikuu vya MIT na Harvard walikadiria kwamba moshi wa ziada wa magari yale, kati ya 2008 na 2015, ungesababisha vifo vya mapema vya watu 59 Marekani. Na wenyewe walieleza kwamba idadi ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 10 na 150. Sasa fikiria hilo mbele ya jaji. Mmiliki wa Jetta ana kadi ya gari. Marehemu wa takwimu hana jina. Hakuna daktari anayeweza kumwonyesha mtu kitandani na kusema huyu ni mmoja wa 59. Hisabati inaweza kuwahesabu bila kuwatambua, na mahakama inaweza kumfidia anayetambulika tu.

Njia ambayo maridhiano yaliichukua ilikuwa kulipa hewa yenyewe. Dola bilioni 2.7, na nyingine kidogo baadaye kwa magari mengine ya kampuni yenye injini kubwa zaidi, za lita 3, ziliwekwa kwenye mfuko wa amana. Kila jimbo lilipata fungu kulingana na idadi ya magari yale yaliyosajiliwa humo, na lilitakiwa kupunguza oksidi za nitrojeni mahali pengine, kwa orodha maalumu ya matumizi. Kwenye orodha hiyo kuna mabasi ya shule.

Basi la shule

Majimbo mengi yalichagua mabasi, na sababu si huruma tu. Basi kuukuu la dizeli hupita mitaani asubuhi na alasiri, husimama likinguruma mbele ya lango la shule, na abiria wake ni watu ambao mapafu yao bado yanakua. Wachumi watatu waliochunguza jimbo la Georgia, katika makala ya 2019, walitazama wilaya za shule zilizofunga vifaa vya kuchuja moshi kwenye mabasi yao. Afya ya wanafunzi, kwa kipimo cha uwezo wa kukimbia, iliboreka. Alama za mtihani wa Kiingereza zilipanda; za hisabati zilipanda kwa kiasi kidogo zaidi.

Muundo wao unafanana na ule wa Morgantown. Hawakulinganisha tu wilaya tajiri na maskini. Waliitazama wilaya ile ile kabla na baada ya mabasi yake kufungwa vifaa hivyo. Mtihani, safari hii, ulikuwa wa watoto, na kilichobadilika hakikuwa mtaala wala mwalimu.

Masharti ya mfuko ni ya mtu aliyewahi kudanganywa. Basi la zamani haliuzwi kwa shule nyingine wala kupelekwa jimbo la jirani. Injini lazima itobolewe tundu la inchi tatu kwenye bloku, na fremu ya chini ikatwe vipande viwili kabisa. Hakuna programu ya kurekebishwa hapo.

Linalokuja badala yake linaweza kuwa la umeme. Linaweza pia kuwa la dizeli mpya, maana maridhiano yaliruhusu yote mawili, na shule ya umma ingeweza kulipiwa bei nzima kwa lolote kati ya hayo. Dizeli hiyo mpya, kwa kuwa injini yake ni nzito, iko chini ya kanuni za kupimwa ikiwa barabarani, kwa mitambo ya kubebeka ya aina ile iliyobuniwa Morgantown baada ya 1998.